Gunia la Juni, dumu la Januari

Mashine ya kukamua alizeti unaisikia kabla hujaiona. Ukiacha lami ya Dodoma–Singida ukaingia barabara ya vumbi kuelekea vijiji vya Ikungi, mwezi wa saba, kila senta yenye umeme ina kibanda cha bati kinachonguruma, turubai lililomwagiwa mbegu nyeusi, na watu waliokalia magunia yao wakisubiri zamu. Harufu ni kama ya karanga zinazoanza kuungua. Napenda kufanyia mahojiano yangu hapo. Ukimfuata mtu nyumbani na dodoso lako unapewa kigoda, maji ya kunywa na majibu ya heshima. Kwenye foleni ya mashine watu wamechoka, jua linawaka, na hakuna mwenye nguvu ya kupamba maneno.

Mwaka mmoja nilikaa karibu na mama wa makamo aliyeleta magunia matatu kwa mkokoteni wa punda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule wa kuuliza uliza?"

Nikakiri ndiye mimi. Nikamuuliza msimu ule alivuna magunia mangapi. Kumi na moja, akasema. Haya ni matatu, manane je?

"Yalienda kwa wenyewe, mwezi wa sita."

Hakusema ameyauza. Nilipomdadisi taratibu, wenyewe wakatokea mmoja mmoja: mtu mwenye maksai aliyemlimia kwa ahadi mwezi wa kumi na mbili, mfanyabiashara aliyempa hela ya palizi mwezi wa pili, na mwenye duka aliyemkopesha sare na madaftari shule zilipofunguliwa. Magunia manane yalikuwa na wenyewe kabla alizeti haijatoa ua hata moja.

Mimi ni mchumi kilimo. Nilisoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuzunguka kwenye kaya zinazolima mbegu za mafuta, zaidi alizeti ya Singida na Dodoma, mara chache ufuta wa Lindi, nikiuliza nani analima, nani anauza, nani anashika fedha na zinaishia wapi. Swali ninalokutana nalo sana, hata kwenye daladala nikishajitambulisha, ni kwa nini mkulima wa alizeti habadiliki wakati mafuta ya kula hayashikiki bei. Anayeuliza huwa ana jibu lake mfukoni: mbegu mbovu, hawatumii mbolea, madalali. Yote yamo. Lakini ningetakiwa kutaja kitu kimoja tu ningetaja kalenda. Kaya nyingi nilizozijua zinavuna zao lenye soko, zinalivuna kila mwaka, na zinaliuza katika mwezi mbaya kuliko yote kwa sababu ya mambo yaliyotokea miezi sita nyuma.

Tuanze na Desemba basi, maana mwaka wa mkulima wa Singida hauanzi Januari.

Huku mvua ni ya msimu mmoja. Huanza kati ya Novemba na Desemba, mara nyingi hukatika kidogo Februari, na kufikia mwisho wa Aprili imekwisha. Alizeti inapendwa kwa sababu mzizi wake unakwenda chini na kustahimili ukame unaoua mahindi. Haidai mbolea nyingi, na ng'ombe hawaivamii kama wanavyovamia mahindi. Ila sifa hiyo ya ustahimilivu ndiyo inayoifanya iwe ya mwisho. Mvua ikinyesha, kaya hupanda kwanza chakula: uwele, mtama, mahindi. Alizeti "itavumilia", kwa hiyo inangoja. Kitaalamu ingepandwa Desemba hadi mapema Januari. Nimeikuta ikipandwa Februari tarehe kumi, na mwenye shamba anajua kabisa kwamba amechelewa.

Anachelewa kwa nini? Uliza habari za maksai. Kaya yenye jozi ya maksai na plau inalima ardhi ikiwa na unyevu, inamaliza kwake, halafu inaanza kuwalimia wengine kwa malipo. Isiyo na maksai inapanga foleni, na foleni ina daraja zake: ndugu kwanza, mwenye fedha taslimu pili, mwenye ahadi mwisho. Mjane, au mama anayelea watoto peke yake, aghalabu yuko mkiani. Mvua ya wiki mbili za kwanza imeshapita shamba lake likiwa bado na majani. Nikiona kwenye takwimu zangu kaya imevuna magunia matatu kwa ekari na jirani yake kapata manane kwenye udongo uleule na mbegu ileile ya Record, sikimbilii tena kuandika "elimu duni ya kilimo bora". Natafuta kwanza tarehe ya kupanda, halafu nauliza ng'ombe walikuwa wa nani.

Kuhusu mbegu niseme kidogo tu. Record ni mbegu ya kawaida ambayo mkulima anaweza kuitunza na kuipanda tena, na wengi wameirudia miaka na miaka hadi imechanganyika na kuchoka. Chotara kama Hysun 33 zinatoa mafuta mengi zaidi kwa gunia, lakini lazima ununue mpya kila msimu, na kilo yake inauzwa mara kadhaa ya bei ya Record. Unatakiwa uilipie Novemba. Nitajieni mwezi ambao kaya hizi zina fedha kidogo kuliko Novemba, isipokuwa hiyo Januari ninayoijia sasa.

Januari mambo manne huja kwa pamoja. Chakula cha ghalani kimeisha au kinaelekea kuisha. Shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, na nimeona kwa macho yangu jinsi hilo lilivyobadilisha maamuzi ya wazazi, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Malaria inapanda pamoja na mvua. Na palizi ya kwanza imefika, ambayo kwa alizeti haina mjadala, kwani ikisongwa na magugu wiki zake za mwanzo hutaipata tena. Kaya yenye watu wazima wanne inapalilia yenyewe. Yenye wawili, na mmoja ana homa, lazima itafute vibarua.

Hapo ndipo wengi wanakwenda kufanya kibarua wenyewe, na hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Baba anapalilia shamba la mtu mwingine ili apate unga wa leo, na shamba lake linaliwa na magugu. Akirudi kwake siku kumi baadaye kazi imekuwa mara mbili na mavuno yameshapungua. Kwenye jedwali langu anaonekana ana "kipato cha nje ya shamba", maneno yanayosikika kama maendeleo.

Njia nyingine ni kwenda kwa mtu mwenye hela. Anakupa fedha leo, utamlipa kwa magunia mwezi wa sita. Kagera kwenye kahawa mtindo huu unaitwa butura, na kusini kwenye korosho watu wanalijua neno kangomba. Singida nimesikia tu wakisema, "amenipa hela ya palizi." Gunia linapigiwa bei Februari, na bei hiyo iko chini sana ya ile itakayokuwepo wakati wa mavuno, ambayo nayo ndiyo ya chini kabisa ya mwaka. Ukipiga hesabu ya riba kwa njia ya kibenki unapata namba ya kutisha. Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja hesabu hiyo kwenye daftari. Akaitazama, akanirudishia, akaniuliza: "Na benki yako ingenipa siku hiyo hiyo, mtoto akiwa na homa?" Nikafunga daftari.

Sitaki nieleweke kwamba wakopeshaji hawa wote ni wanyonyaji. Wengi ni wakulima walioanza na jozi ya maksai, wakaongeza duka, baadaye mashine. Wao pia wanakopa kwa mtu wa mjini. Na msimu mvua ikigoma wanabaki na madeni yasiyolipika, maana huwezi kumdai mtu ambaye kila mtu kijijini ameona shamba lake limekauka. Vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na vya namna hiyo, vimesaidia, hasa kwa akina mama. Tatizo ni kwamba wanachama wote ni wakulima wa kijiji kimoja, wanahitaji mkopo wiki moja na wanapata fedha wiki moja. Sanduku linajaa Julai wakati hakuna mwenye shida kubwa, na Januari wanakuja wote kwa pamoja. Vikundi ninavyoviona vikidumu ni vile ambavyo angalau nusu ya wanachama wana kitu kingine pembeni: mama lishe, mwalimu, muuza kuku.

Mavuno sasa. Mei na Juni vichwa vinakatwa, vinaanikwa, vinapigwa kwa fimbo na kupepetwa. Kazi ya kupepeta ni ya wanawake na watoto, na inakwenda na upepo. Nimewaona wakiianza alfajiri na kuiacha saa tatu kwa sababu upepo umelala. Kisha linakuja gunia. Gunia la alizeti si kilo mia kama la mahindi. Mbegu ni nyepesi, ina ganda, kwa hiyo lililojaa vizuri linakuwa na kilo sitini na kitu hivi, na likishonewa kichwa cha lumbesa, yaani ujazo unaopita mdomo wa gunia, linaongezeka kadiri ya ujasiri wa mnunuzi. Lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Inaendelea kwa sababu mwenye deni hana nafasi ya kubishana juu ya ujazo na mtu anayemdai.

Nifanye hesabu ndogo. Bei nitakazotumia ni za mfano, msizinukuu. Tuseme Julai gunia ni shilingi 40,000. Gunia hilohilo likikamuliwa kwenye mashine ya kijijini linatoa lita 15 hadi 20, tuseme 16. Lita ikiuzwa 3,500 unapata 56,000. Mwenye mashine anachukua ada, au anakuachia mafuta yako yote na kubaki na mashudu kama malipo. Kwa hiyo kukamua kunakuongezea kama 16,000 kwa gunia, na magunia sita ni karibu laki moja. Kwa nini basi kila mtu hakamui?

Niliamini kwa muda mrefu kwamba jibu ni umbali wa mashine. Ni sehemu yake. Usafiri una gharama, umeme unakatika, foleni inaweza kukulaza senta siku mbili, madumu yanauzwa. Tena laki moja hiyo haiji kwa mkupuo kama hela ya magunia. Inakuja lita kwa lita, kwa wiki nyingi, na mdai wa Juni hapokei lita. Lakini mama mmoja wa Mkalama alinieleza jambo ambalo halikuwemo kwenye dodoso langu lote. Alisema mbegu hakuna anayekuja kukuomba. Ukiwa na magunia matano ndani hakuna jirani atakayesema nipunguzie debe. Ukiwa na dumu la mafuta, kila mtu ana chupa. Shemeji anapita na chupa. Jirani aliyekusaidia msibani anamtuma mtoto na kikombe. Mwinjilisti naye anapita. Huwezi kukataa kikombe cha mafuta, na vikombe hamsini ni dumu. "Mbegu inalala," alisema, "mafuta yana miguu." Tangu hapo nimekuwa nikiuliza kila kaya iliyokamua ni lita ngapi zilitoka bila kuuzwa wala kuliwa nyumbani, na majibu si madogo. Sihesabu hiyo kama hasara, nisieleweke vibaya. Anayetoa kikombe Julai ndiye atakayekopeshwa unga Februari. Lakini hesabu zetu za faida ya kuongeza thamani hazijui habari za kikombe.

Mashudu nayo yanastahili aya yake, kwa kuwa watu wa mjini huyaona kama makapi. Ni chakula cha mifugo chenye protini, na yanasafirishwa hadi nje ya nchi. Mwenye mashine anayekukamulia "bure" hafanyi hisani. Siku mashudu yakipanda bei, yeye ndiye anayefurahi. Nimeona kina mama wachache wakilipa ada taslimu ili waondoke na mashudu yao, wakawape kuku. Singida ni mkoa wa kuku wa kienyeji, wasafiri wa Mwanza wanalijua hilo. Kuku anauzika mwezi wowote, hata Januari saa kumi na mbili asubuhi mtoto akiugua. Mama mwenye kuku ishirini hachukui hela ya palizi.

Nimegusa wanawake mara kadhaa, niseme wazi zaidi. Kwenye kaya nyingi nilizotembelea, gunia likitoka nje ya mlango linakuwa la baba. Yeye anajadiliana na mnunuzi, yeye anapokea, simu yenye fedha ni yake. Mafuta yaliyobaki ndani ni ya mama: anayatumia, anayauza kwa kupima, hela yake haiulizwi sana. Kwa hiyo uamuzi wa kuuza mbegu au kukamua ni mazungumzo ya ndani juu ya nani atashika fedha, ingawa wenyewe hawayaiti hivyo. Magunia matatu ya yule mama wa kwenye foleni yalibaki kwa sababu aliyavuna kwenye nusu ekari ambayo mumewe alimwachia alime "ya kwake". Hata shamba likiwa la wote, mwanamke mwenye kipande chake anajua kila gunia lilikokwenda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki sawa ya kumiliki ardhi. Kipande kile hakina karatasi yoyote, na wote wawili hawajawahi kufikiria kama kinaihitaji.

Historia imejificha hapa kidogo. Mwaka 1985, huko Arusha, mhandisi Mmarekani aitwaye Carl Bielenberg alibuni kinu cha mkono cha kukamulia alizeti, chenye mpini mrefu unaosukuma pistoni. Hakikuhitaji umeme wala dizeli. Kilienea vijijini hapa nchini na kwenye nchi nyingine za Afrika, na kaya iliweza kujikamulia mafuta yake uani. Wazee wengine bado wanacho kimeshika kutu nyuma ya nyumba. Mashine za umeme zilivyofika kijijini watu walikiacha kwa furaha, na sina la kuwalaumu, kwani nimeujaribu ule mpini kwa dakika kumi na kiuno kiliniuma siku mbili. Ila kinu kile kilikuwa nyumbani, unakamua debe moja leo na debe moja wiki ijayo kadiri ya haja. Mashine ya senta inataka gunia zima na siku nzima.

Hata kaya ikifanikiwa kusubiri, kuna jambo ambalo haiwezi kulisubiri wala kulikwepa. Bei ya alizeti ya Ikungi haipangwi Ikungi. Tanzania haijitoshelezi kwa mafuta ya kula. Sehemu kubwa ya tunayokaangia ni mawese yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam kutoka Malaysia na Indonesia. Mlaji wa kawaida haangalii ni alizeti au mawese, anaangalia ipi rahisi. Hivyo bei ya mawese iliyoamuliwa sokoni Kuala Lumpur, ukiongeza ushuru uliopangwa Dodoma, ndiyo dari la alizeti. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka nje hadi asilimia 25 na yaliyosafishwa hadi 35, na wakulima waliusikia mpandisho huo kwenye bei ya gunia ingawa wengi hawakujua umetoka wapi.

Halafu ukaja 2022. Vita vya Ukraine vilianza Februari, na Ukraine na Urusi kwa pamoja ndizo zilikuwa zikiuza zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti yanayovuka mipaka duniani. Mwisho wa Aprili Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke, kwa wiki tatu na kitu. Mafuta yakapanda nchi nzima, mlaji akalia, na huku Singida gunia likafika bei ambayo watu hawakuwahi kuiona. Serikali nayo ilikuwa imeshaanza kuhimiza alizeti tangu 2021, Singida, Dodoma na Simiyu zikitajwa kuwa mikoa ya mkakati, mbegu za ruzuku zikigawiwa. Kila mtu akapanda. Nimepita kwenye vijiji ambako hata mashamba ya uwele yaligeuzwa manjano. Walipovuna 2023, mafuta ya nje yalikuwa yamesharudi kwa wingi na bei ya gunia ikaporomoka vibaya.

Walioumia kuliko wote ni waliofuata ushauri wetu. Tulikuwa tumewaambia kwa miaka, mimi nikiwemo, "msiuze Juni, hifadhini, bei hupanda kuanzia Novemba." Wenye uwezo wa kuhifadhi walihifadhi alizeti ya 2022 wakingoja ipande zaidi. Haikupanda. Baba mmoja wa Iramba alinipeleka ghalani kwake akanionyesha magunia, hakusema neno, akafunga mlango. Tangu siku hiyo sitoi tena ushauri wa kuhifadhi bila kusema kwamba kusubiri nako ni kucheza kamari na watu wasiokujua. Mwenye deni la Juni hachezi kamari hiyo, kwa sababu tu hana cha kuweka mezani.

Wasomaji wangu wa kusini wataniuliza habari za stakabadhi ghalani. Kwenye ufuta wa Lindi na Mtwara mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa kwa kilo, unaingia ghala, unanadiwa, na fedha inakuja kwa akaunti. Lumbesa haina nafasi, bei inatangazwa hadharani, na nimeona minada iliyowapa wakulima bei ambayo mnunuzi wa mlangoni asingetamka. Upande wa pili fedha inachukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya kadhaa, na kabla haijafika imekatwa ushuru wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa hadi asilimia 3 mwaka 2017, pamoja na tozo za chama na ghala. Kwa mwenye akiba hiyo ni bei ndogo kwa mfumo ulio wazi. Kwa anayedaiwa wiki hii, anarudi kwa mnunuzi wa usiku. Nimemwona mtu Kilwa akiuza ufuta wake gizani kwa bei ya chini, na kesho yake asubuhi yuko mnadani akishangilia bei nzuri ya wenzake. Alizeti yenyewe ina viwanda na mashine mlangoni, wanunuzi wengi, na hela ya siku hiyohiyo, kwa hiyo kuihamishia mfumo huo jinsi ulivyo ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani wanaoiona ramani tu.

Kosa langu mwenyewe lilinifundisha mengi kuliko vitabu. Utafiti wangu wa kwanza niliufanya Julai, kwa kuwa barabara zinapitika na watu wana nafasi. Niliuliza wanakula milo mingapi, wana akiba kiasi gani, wanadaiwa nini. Milo mitatu, akiba ipo, deni hakuna. Nikaandika taarifa yenye matumaini. Miaka miwili baadaye nikarudi kwa sababu nyingine, Februari, gari likikwama kwenye tope, nikapita kwenye nyumba zilezile. Mlo mmoja, uji na mlenda. Watu walewale, ardhi ileile. Wala hawakunidanganya, niliwauliza Julai wakanijibu Julai. Siku hizi dodoso langu lina safu kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, na wasaidizi wangu wananilaumu kwa urefu wake.

Safari ile ya Februari nilipita pia kwa yule mama wa magunia matatu. Nilimkuta ameinama kwenye palizi, mgongo umelowa, akaniambia nitangulie nyumbani. Jikoni kulikuwa na kifuko cha Korie, mafuta ya mawese ya dukani, kimefungwa fundo juu ya rafu. Nikajisemea, haya, aliuza alizeti anakula mawese, niandike. Alipokuja nikamuuliza kwa upole mafuta ya Julai yaliishia wapi. Akacheka, akaingia chumbani, akavuta kutoka uvunguni dumu la lita ishirini lililofunikwa kanga ili mafuta yasipigwe na mwanga yakachacha. Lilikuwa limebaki chini ya nusu. Yale ya rafuni, akasema, ni ya kupikia na ya wageni wanaokuja na chupa. Haya ya uvunguni anayauza kwa kupima, kwa watu wa senta, tangu Desemba, na hajachukua hela ya palizi mwaka huu.

Baadaye akanimiminia chupa moja ya soda, akaiziba kwa gunzi la mahindi. Nikatoa hela. Akaikataa, akasema nimpelekee mama yangu.